MJADALA: Watoto wa Lubumbashi waanze bede kwa kunakili Tintin?

Kalamu ya Katuba
Wapendwa, kuna mafunzo ya likizo ya bede, yaani hadithi za picha, hapa mjini. Mwalimu amewagawia watoto kurasa za *Tintin au Congo* wazinakili. Mtoto wa dada yangu amerudi na daftari limejaa Wakongo wenye midomo mikubwa na macho ya mshangao, ati ndio sisi. Kitabu kile kilichorwa Brussels mwaka 1930 na 1931, na mchoraji wake, Hergé wa Ubelgiji, hakuwahi kukanyaga huku. Ni halali kumfundishia mtoto wetu?

Papa Ruashi
Mwanangu, unakuza jambo. Hakuna fundi asiyeanza kwa kuiga. Mstari wa Hergé ni safi, jicho linatoka dirisha moja la picha hadi jingine bila kupotea, na hilo ndilo somo. Kesi nayo ilishapita: Mkongo Mbutu Mondondo alikishtaki kitabu hicho kwa ubaguzi kule Ubelgiji mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama ikakataa. Tena tuseme ukweli, Lubumbashi hatuna bede yetu ya kunakili. Bede ya Kongo ni Kinshasa.

Mwana Kamalondo
Papa Ruashi, shikamoo, lakini hapo umetutukana. Hatuna? Na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa wa wapi? Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia moja kwa mpangilio, na maneno juu yake. Lumumba yumo, Katanga imo. Kisha akaisimulia kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu. Kama hiyo si bede, niambieni bede ni nini.

Mzee wa Planshi
Ni picha za turubai. Mimi namheshimu Tshibumba kuliko wengi humu, ila picha zake watu walizinunua moja moja wakatundika sebuleni, huyu *Colonie belge*, ile picha ya viboko vya ukoloni, yule Lumumba. Bede inachapwa, inauzwa bei ya karanga, inapita mkono kwa mkono hadi inachanika. Kinshasa walikuwa na jarida la *Jeunes pour Jeunes* tangu mwisho wa miaka ya 1960, mhusika wake Apolosa akaongea lugha ya vijana wa mtaani. Miaka ya 1990 mchoraji Papa Mfumu'Eto akachora kwa Lingala yule bwana aliyegeuka nyoka, akammeza msichana, akatapika pesa. Mji mzima uliisoma. Sisi tulikuwa wapi?

Mwana Kamalondo
Tulikuwa tunalipia vita na kufa kwa Gécamines, kampuni yetu ya madini, wewe ulikuwa wapi? Watu wa Kin mnapenda kuja kutufundisha ya kwetu.

Mzee wa Planshi
Nimezaliwa Kampemba, mama yangu amezikwa hapa. Jibu hoja, acha kunipa kabila.

Dada wa Goma
Kaka zangu, mimi linaloniuma ni hilo la Lingala. Tanzania walikuwa na jarida la *Sani* na mhusika wao Ndumilakuwili, nchi ya Kenya wakamsoma Juha Kalulu kwenye gazeti la *Taifa Leo*. Sisi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi tunaongea Kiswahili kutoka kitandani hadi sokoni, kisha mtu akishika kalamu mhusika wake anaongea Kifaransa cha darasani. Muuza mkaa gani wa Birere, mtaa wetu hapa Goma, anaongea vile?

Papa Ruashi
Kifaransa kinauza. Mchoraji Barly Baruti wa Kisangani asingefika Ulaya kwa Kiswahili.

Dada wa Goma
Papa, sijasema afike Ulaya. Nimesema afike Birere.

Mama Bea
Miye niko na batoto ku Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi. Nasoma yote, naona munapigania batu balikufa, mutoto munamusahau. Mutoto yangu anachora na bike (kalamu ya wino) ku karatasi ya biskuti. Gome ya kufutia haina. Nani anamufundisha huyo?

Kalamu ya Katuba
Asante mama. Hilo ndilo nililotaka turudie.

Mwalimu wa Mchoro
Mama Bea, bike na karatasi ya biskuti vinatosha kuanza, nasema kweli. Töpffer wa Geneva, aliyechapisha hadithi za picha miaka ya 1830, aliandika mwaka 1845 kwamba uso wowote uliochorwa ovyo tayari una tabia; sogeza nyusi kidogo, umepata mtu mwingine. Mwambie mtoto achore uso uleule mara nyingi, kila mara abadilishe kitu kimoja tu. Akianza kuweka maneno, ayaandike kwanza, kisha ndipo azungushe mstari wa kiputo, ile duara ya maneno ya mhusika. Wengi wanachora kiputo kwanza, maneno yanabanana, ukurasa unakufa.

Kuhusu Tintin, sikubaliani na Papa Ruashi wala na Kalamu. Hergé mwenyewe alibadilika mwaka 1934 alipokutana na Zhang Chongren, mwanafunzi kutoka China. Zhang alimwonyesha kwamba watu wa nchi hawatungwi kichwani, wanaangaliwa. Ndipo *Le Lotus bleu*, Tintin ya China, ikatoka tofauti kabisa. Mwalimu wa likizo angewapa watoto ukurasa wa kitabu hicho, kisha awapeleke soko la Kenya hapa Lubumbashi na daftari. Kitabu cha Kongo akiweke kwa wakubwa wanaojua kubishana nacho. Hata Hergé alikigusa: toleo la 1946 lilimwondolea Tintin lile somo la «nchi yenu Ubelgiji», likaweka hesabu.

Papa Ruashi
«Wanaojua kubishana.» Kwa hiyo mimi sijui kubishana? Nilisoma Tintin nikiwa na miaka tisa na sikugeuka mtumwa wa mtu.

Mwalimu wa Mchoro
Papa, nilisema watoto.

Mwana Kamalondo
Bado hamjanijibu kuhusu Tshibumba. Picha mia kwa mpangilio, maneno, msimulizi. Kinakosekana nini?

Mzee wa Planshi
Ukurasa wa kugeuza. Nionyeshe msomaji aliyewahi kuugeuza hapa Lubumbashi, nitanyamaza.

Dada wa Goma
Mnaonaje zikichapwa sasa, kwa mfuatano, na masimulizi yake ya Kiswahili chini? Mwana Kamalondo, unamjua mchapaji hapo?

Mwana Kamalondo
Namjua. Ila kwanza Mzee wa Planshi aseme kwamba ni bede.