Maajenti wa mizigo ya China, hiyo "vita ya Trump" mtatukamua nayo mpaka lini?

Wakuu, leo nimefura, mnivumilie.

Mzigo wangu wa spea za bodaboda umefika Dar, cheni seti na bushi, kichele cha kawaida (mzigo unaochanganywa na wa wengine kwenye kontena moja) kutoka Guangzhou, China. Naletewa ankara: bei ya CBM (mita ya ujazo ya mzigo) imepanda tena, na chini kuna mstari mpya, "tozo ya dharura". Nauliza, dharura ipi? Najibiwa, "Boss, kwani huoni vita ya ushuru ya Marekani na China?"

Naiona sana, ndiyo maana nina hasira. Ushuru ule Trump aliwatwisha Wachina kwa bidhaa zinazoingia Marekani. Aprili 2025 ulifika asilimia 145, China nao wakajibu kwa 125. Cheni zangu zinapakiwa Nansha, bandari ya Guangzhou, zinashushwa bandari ya Dar. Los Angeles zimepita saa ngapi?

Sitaki ubishi wa kijinga. Mei 12 walipoelewana Geneva, ushuru ukashushwa hadi asilimia 30 kwa siku 90, na waagizaji wa Marekani wakakimbilia kujaza maghala kabla muda haujaisha. Kampuni za meli zikahamishia meli kule kwenye hela, nauli ya kontena la Shanghai kwenda Los Angeles ikaruka. Meli zikivutwa kule, njia kama yetu inaweza kukosa nafasi, bei ikapanda. Hapo naelewa. Ila Julai nauli za kule zilishaporomoka. Ya kwetu ilipanda kwa lifti, kushuka haijui hata ngazi ziko wapi.

Oktoba 14 likaja jingine. Marekani ikaanza kutoza meli za China zinazotia nanga kwao, China ikalipiza kwa meli za Wamarekani. Ujumbe wa WhatsApp wa kutupandishia bei ukaingia chapchap, "Ndugu mteja mpendwa..." Novemba 10 wote wawili wakasitisha tozo hizo kwa mwaka mzima. Ujumbe wa kushusha bei bado unaandikwa, nadhani.

Na kabla ya hapo kisingizio kilikuwa Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen wanaoshambulia meli Bahari ya Shamu! Meli ya kutoka China kuja Dar inakata Bahari ya Hindi, huko Bahari ya Shamu inafuata nini?

Anayenifokea dukani ni kijana wa boda, kwake mwizi ni mimi niliyepandisha cheni. Nimwambie akamdai Trump?

Wenye mizigo ya Guangzhou na Yiwu, wekeni hapa ankara zenu za kabla ya Aprili 2025 na za sasa, majina mfute. Na kama kuna ajenti humu, aje anifafanulie hiyo dharura kwa hesabu. Asije na "boss".