Nimeuziwa feni, nikaambiwa ni supachaja ya umeme

Jamani nna hasira. Naandika hapa nikiwa Gombani, boneti wazi, mikono imejaa grisi.

Mie nna Probox ya 1500, nabebea mizigo na abiria Mkoani na Chake. Aliyewahi kupanda milima ya Pemba na magunia ya karafuu nyuma anajua: unashusha gia mpaka unawaonea haya wanaokufuata. Duka moja Unguja likanishika hapo hapo, kwa kidude cha kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu. "Chukua supachaja ya umeme, haina mkanda, injini haifunguliwi, waya mbili kwenye betri, kwisha." Laki mbili na themanini, nauli ya boti mbali.

Hebu nisaidieni hesabu. Injini ya 1500 ikizunguka mara 6000 kwa dakika inavuta hewa kama lita 4500. Kuisindika hewa yote hiyo kwa presha ya maana, mota inataka kilowati 3 kwenda juu, na kwa volti 12 hizo ni ampea 250. Altaneta yangu, ile inayozalisha umeme wa gari, ikijikamua sana ni ampea 80, na taa na feni ya rejeta zinangoja humo humo. Kidude chenyewe kina fyuzi ya ampea 10! Kumi, yakhe! Wati 120. Pasi ya nguo inakipita mara nane.

Nilipolalamika nikaonyeshwa video ya Audi. Sawa, Audi SQ7 ya 2016 inayo ya kweli. Ila ile ni ya volti 48, inakula mpaka kilowati 7, ina betri yake mbali, na kazi yake ni kusukuma mwanzo tu, tabo zake, zile zinazosukuma hewa kwa nguvu ya moshi wa ekzosi, zikishashika inapumzika. Probox itazitoa wapi volti 48? Zipo na za kweli za kufunga gari za kawaida, lakini zinataka betri za ziada, na ukishazitumia unangoja zijae. Huku mlima mmoja ukiisha mwengine unakungoja.

Ingekuwa haina faida tu ningenyamaza. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, injini inataka hewa kuliko feni inavyoleta, basi yale mapanga yanakuwa kizuizi. Gari inapanda vibaya kuliko mwanzo! Na fundi, ili kidude kikae, aling'oa boksi zima la ekilina, yaani chujio la hewa, sensa ya hewa akaibandika kwenye bomba kwa tepu. Upepo unaingia umevurugika, sensa inasoma upuuzi, taa ya injini imewaka, silensa hakuna, gari ikisimama injini haitulii. Vumbi la njia za shamba linaingia bila hodi. Nikimuuliza, ati gari "itazoea".

Jana nimekuta panga moja la plastiki limemeguka. Nimelitafuta ndani ya bomba sijaliona. Usiku kucha nawaza vali, isije ikawa injini imelimeza.

Dukani wanasema mali ikishafungwa hairudi. Kijana wa mishikaki jirani yangu kanipa elfu kumi aifunge kwenye betri apulizie makaa, na nitampa.

Sasa nani hapa Chake ana boksi la ekilina la Probox, lililotumika pia sawa? Na fundi wa kuchungulia ndani ya injini bila kuifungua yote? Kesho asubuhi nna mzigo wa Mkoani.