Naomba ushauri: kila nikianza kupitisha uzi wa meno naishia njiani

Mtulivu38

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mnisaidie kwa jambo ambalo wengine wanaweza kuliona dogo, ila mimi linaninyima raha.

Nina miaka 38. Tangu utotoni sijaacha kupiga mswaki asubuhi na usiku, kwa hiyo nilijihesabu mtu safi wa kinywa. Mwezi uliopita nilikwenda kusafishwa meno. Daktari akachukua kile kifaa chembamba chenye alama za milimita, akawa anakiingiza taratibu kando ya kila jino huku akimtajia msaidizi wake namba: mbili, tatu, mbili, nne, tano. Nikauliza zina maana gani. Akasema hadi tatu hakuna shaka, ila kuanzia nne ufizi unakuwa umeanza kuachana na jino na kufanya mfuko ambao mswaki hauufikii. Nne na tano zangu zote zilikuwa katikati ya magego. Akaniagiza nipitishe uzi katikati ya meno kila siku, nirudi baada ya miezi mitatu apime tena.

Mama yangu alipoteza magego karibu yote kabla hajafika miaka 55. Hayakuwa na matundu. Yalilegea tu, moja baada ya jingine. Niliposikia neno mfuko nikamkumbuka yeye.

Kwa hiyo sababu ninayo na nia ninayo. Ila nimeshaanza mara tatu: ya kwanza nilifika siku nne, ya pili tisa, ya tatu wiki mbili kasoro. Kila mara mambo huharibika vilevile. Usiku mmoja narudi nimechoka, naruka. Kesho yake naona nimeshaharibu, na ndiyo inakuwa basi. Halafu damu inatoka, naogopa najiumiza. Na vidole vyangu ni vinene, kufika nyuma ni shida.

Umuhimu wake naujua. Naomba mnaofanya kila siku mnieleze mlifikaje hapo.

FiziImara

Pole sana, na hongera kwa kwenda kwa daktari mapema. Kazi yangu ni kusafisha meno ya watu, huu ni mwaka wa 11, kwa hiyo nianze na hiyo damu, maana ndiyo inayowakatisha wengi tamaa.

Ufizi wenye afya hauvuji damu kwa kuguswa na uzi. Ukivuja, mara nyingi ni kwa sababu umevimba, na umevimba kwa sababu ule utando laini wa bakteria umekaa hapo bila kuondolewa. Usipoondolewa huanza kuwa mgumu ndani ya siku chache na kuwa ukoga ambao wewe mwenyewe huwezi kuutoa tena, hadi uje kwetu. Sasa angalia ulivyokuwa ukifanya: unapitisha siku nne, damu inakutisha, unaacha, uvimbe unarudi, unaanza tena damu ikiwa ileile. Hukuwahi kukaa muda wa kutosha kuona ikikoma. Kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili za kupitisha kila siku. Ikizidi hapo, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwone daktari.

Damu ya kujiumiza inatokana na kitu kingine: kuushindilia uzi ukaruka ghafla na kukata ufizi. Chukua uzi wa kama sentimita 45. Zungusha sehemu kubwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja na iliyobaki kwenye kidole cha kati cha mkono wa pili, ubakize kama sentimita tatu katikati. Uingize kwa kuusogeza mbele na nyuma kama msumeno mpole. Ukishapita ile sehemu meno yanapogusana, acha msumeno. Uukunje ulikumbatie jino moja kama herufi C, ushuke hadi chini kidogo ya ukingo wa ufizi, kisha uupandishe na kuushusha mara tatu nne. Halafu geukia jino la pili katika nafasi hiyohiyo. Wengi huingiza na kuchomoa, wakaona wamemaliza. Hapo wametoa mabaki ya chakula tu. Utando bado umeshikilia ubavuni mwa jino.

HatuaNdogo

Mkuu, mimi nilikuwa kama wewe kabisa. Kilichonitoa hapo ni wazo la BJ Fogg, yule mtafiti wa tabia wa Chuo Kikuu cha Stanford: pitisha uzi kwenye jino moja. Moja tu, kisha ujipongeze uende kulala.

Nilidhani ni mchezo wa watoto. Lakini usiku nikiwa hoi, kazi ya meno yote ilikuwa mlima, na jino moja hata ukiwa unasinzia unalimudu. Karibu kila siku nilijikuta nimeendelea hadi mwisho, maana uzi tayari uko mkononi. Siku ambazo kweli niliishia kwenye jino moja, nilizihesabu kuwa nimefanya. Hilo usilichezee. Ukianza kujiwekea kwamba jino moja halitoshi, umerudi kwenye mlima.

Mdadisi_wa_Mambo

Samahani kama nitamkatisha mtu moyo, ila nauliza kwa nia njema. Mwaka 2016 si ilitangazwa kwamba ushahidi wa faida ya uzi wa meno ni dhaifu, na Marekani ikauondoa kwenye mwongozo wake wa lishe? Mtulivu asije akatesa vidole bure.

FiziImara

Swali zuri, na habari hiyo ilitoka kweli. Ushahidi dhaifu maana yake ni kwamba tafiti nyingi zilikuwa ndogo, za muda mfupi, na watu waliachwa wapitishe uzi wanavyojua. Haikuthibitishwa kwamba uzi haufai. Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti zilizokuwepo, yakaona kwamba mswaki pamoja na uzi huenda ukapunguza uvimbe wa ufizi kuliko mswaki peke yake, japo wenyewe wakakiri kwamba uhakika wake ni mdogo. Yakaona pia kwamba vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno huenda vikafanya vizuri kuliko uzi.

Mtulivu, hilo la mwisho likuhusu. Panapokuwa na mfuko, mara nyingi nafasi kati ya magego huwa imepanuka, na kibrashi hujaza nafasi hiyo kuliko uzi. Muulize daktari akuchagulie saizi, kwa sababu nafasi hazilingani. Kiingie kwa kubana kidogo bila kulazimishwa. Kwenye meno ya mbele yaliyobanana uzi unabaki kuwa bora. Na kwa vidole vinene kipo kishikio chenye umbo la Y. Vidole havihitaji kuingia mdomoni.

MamaWatatu

Mwanangu, usiufungie uzi kabatini. Wangu ulikaa kabatini mwaka mzima. Nilipouweka kwenye kikombe kilekile cha mswaki, hata sikuhitaji kujikumbusha.

Mpimaji

Naongezea la mpangilio, maana naona kila mtu anafanya kivyake: uzi kabla ya mswaki au baada?

Kuna tafiti mbili zinazoonekana kupingana. Ya 2018 ilifanywa kwa wanafunzi 25 wa udaktari wa meno: waliotanguliza uzi walitoa utando mwingi zaidi katikati ya meno, na floridi ya dawa ya meno ikabaki zaidi huko. Ya 2013 ilifanywa Uingereza na Gaby Judah na wenzake kwa watu 50. Yenyewe iliangalia tabia inavyojengeka. Nusu waliambiwa wapitishe uzi kabla ya mswaki, nusu baada. Miezi minane baadaye, waliokuwa wakipitisha baada ya mswaki ndio walioelekea kuendelea zaidi.

Mimi naona hazipingani. Ya kwanza inaangalia usafi wa usiku mmoja, ya pili inaangalia kama utakuwa bado unafanya mwakani. Mtu anayeishia siku ya tisa ashike ya pili. Mswaki unaupiga tangu utotoni bila kufikiria. Acha wenyewe ndio ukuite kwenye uzi. Unaweka mswaki chini, unachukua uzi, bila kufanya jambo jingine katikati. Tabia ikishakomaa, ukitaka geuza.

Na kuhusu kuruka siku moja. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Wastani wa muda hadi jambo lijiendeshe lenyewe ulikadiriwa kuwa siku 66, ila tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hiyo ile siku ya kumi hukuwa umeharibu chochote, ndugu yangu. Ulichokosa ni kurudi siku ya kumi na moja.

Mtulivu38

Mpimaji, nimesoma sentensi yako ya mwisho mara kadhaa. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilidhani watu wenye tabia nzuri huwa hawakosi.

Nimeamua: baada ya mswaki, usiku, jino moja ndiyo ahadi. Nitaanzia gego la juu kulia, kwenye ile tano, ili hata nikiishia moja liwe lile linalohitaji zaidi. Nitarudi kuwaambia.

HatuaNdogo

Kuanzia kwenye jino bovu, hilo sikulifikiria. Vizuri sana.

Mtulivu38 (wiki saba baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Siku 49, nimekosa tano. Mbili kati ya hizo nilikuwa na homa. Mara zote nimerudi kesho yake, na ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Nilisimama mbele ya kioo nikiwa na uzi mkononi, moyo unaniambia haina maana tena. Nikafanya jino moja kwa shingo upande. Tangu hapo kukosa hakunitishi.

Damu ilipungua sana mwishoni mwa wiki ya pili, kama FiziImara alivyosema. Sasa inatoka sehemu moja tu. Magego nimehamia kwenye kibrashi, mbele natumia uzi wa kishikio. Dakika tatu, wakati mwingine mbili. Wiki iliyopita nilikuwa safarini, nikapiga mswaki nikahisi kuna kitu kimepungua, nikagundua mkono unatafuta uzi wenyewe.

Swali moja limebaki. Ile sehemu inayovuja iko karibu na jino nililozibwa zamani. Kila nikipitisha uzi hapo unachanika nyuzi nyuzi. Nimebadilisha aina mbili, ni vilevile. Nifanyeje?

FiziImara

Hongera sana, kutoka moyoni. Usibadilishe uzi tena. Uzi unaochanika mahali palepale kila siku mara nyingi unakwaruzwa na kitu: ukingo wa kizibo uliojitokeza, kizibo kilichoachia, au tundu linaloanza ubavuni. Vyote hivyo hushika utando na kufanya ufizi uvuje hata ukisafisha vizuri. Usisubiri miezi mitatu ifike. Piga simu, waambie ni jino lipi na upande upi, wapige picha ya eksirei.

Mtulivu38

Nimepiga. Nimepata nafasi Alhamisi. Nitamwomba apime na ile tano palepale.