Tumeuziwa "shule isiyo na skrini" kwa mamilioni, kumbe wamekusanya simu tu basi

Wakuu salaam. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa ada kupanda, hii ni habari nyingine kabisa.

Nina binti kidato cha tatu, shule moja ya bweni ya binafsi mkoa wa Pwani. Jina nalihifadhi kwa sababu mtoto bado yupo kule. Wakati tunamwandikisha tulipewa kipeperushi cha karatasi nzito, juu picha ya Mwalimu Nyerere, chini yake kwa herufi kubwa: ELIMU YA KLASIKI, BILA SKRINI. Ndani wameahidi mantiki, ufasaha wa kuzungumza, kughani mashairi bila kushika karatasi, mdahalo kila wiki, mwandiko, kusoma vitabu vizima badala ya muhtasari, na ufundishaji wa kuulizana maswali kwa njia ya Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kwenye kikao cha wazazi wapya meneja akatukumbusha kwamba Nyerere huyo huyo ndiye aliyeitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963, na kwamba alipikwa kwa vitabu na kalamu, si kwa vishikwambi. Tukapiga makofi. Ada yao iliizidi ya shule za jirani kwa zaidi ya milioni moja. Tukalipa.

Nianze na hiyo "bila skrini". Hebu nitajieni shule ya bweni ya serikali ambayo mwanafunzi anatembea na simu mfukoni. Akikutwa nayo ni kuitwa mbele ya paredi na barua ya kumleta mzazi. Na huko ada imeondolewa tangu 2016 hadi kidato cha nne, tangu 2022 hadi kidato cha sita. Sasa mimi nalipia nini? Nalipia sheria ambayo mtoto wa jirani yangu anaipata bure.

Ningenyamaza kama walipoondoa simu wangeweka kitu mahali pake. Likizo ya mwezi wa sita nilimwuliza binti kuhusu riwaya wanayosoma. Akatiririka: dhamira ya kwanza, ya pili, ya tatu, mbinu za kisanaa, falsafa ya mwandishi, hata mate hakumeza. Nikamwambia safi sana mama, sasa nisimulie, hadithi yenyewe inaishaje? Kimya. Hajaisoma! Darasa zima lina nakala tatu za kitabu, na mojawapo imenyofoka kurasa za mwisho. Wanachosoma ni uchambuzi wa steshenari, kopi iliyotolewa kwenye kopi, herufi zimefifia mpaka jina la mhusika mmoja kila mwanafunzi ana lake. Na mwakani kwenye mtihani wa taifa ataulizwa ajibu "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma".

Maktaba ipo, ukiitazama kwa nje utaipenda. Ufunguo anao makamu. Siku ya kutembelea watoto nilimganda mpaka akafungua. Rafu zimejaa, lakini sogea karibu: miongozo ya kodi ya Marekani, vitabu vya kufundishia kompyuta ambazo hata fundi wa Kariakoo hazikumbuki, ensaiklopidia inayoanza herufi M. Vitabu vya Kiswahili havikufika nusu rafu. Nikauliza watoto wanaingia lini humu. Nikaambiwa utaratibu unaandaliwa.

Mdahalo ulifutwa, Jumamosi ni majaribio. Mashairi sijui yaliishia wapi. Socrates naye tusimsahau: binti aliuliza darasani imekuwaje Wajerumani wachache vile wakaitawala nchi kubwa kama hii, mwalimu akamjibu "hiyo haitoki". Maana yake haitoki kwenye mtihani, kaa chini. Socrates wa namna hii Waathene wasingemnywesha sumu, wangempa ukuu wa wilaya.

Lakini kilichonifanya nije kuandika hapa ni kazi za likizo. Watoto hata mabegi hawajafungua, kundi la wazazi la WhatsApp likaanza kufurika: PDF ya Baiolojia, PDF ya Uraia, picha za ubao zilizopigwa kiubavu, na kiungo cha video ambayo mtoto aitazame kabla shule haijafunguliwa. Yaani shule isiyo na skrini inamfundisha mwanangu kwa skrini yangu! Simu yangu ya kazi ikahamia chumbani kwake. Mteja anapiga, naletewa simu huku nimekunjiwa uso, "baba fanya haraka, nanakili Jiografia." Ukisema uchapishe, mtaani kwetu ni shilingi 200 kwa ukurasa, na hizo PDF si za kurasa tano. Nikaandika kwenye kundi kwa adabu kabisa: walimu wetu, kwa nini wasipewe kwenye karatasi kabla ya kuondoka? Mwalimu wa taaluma akajibu kwamba karatasi ni gharama. Kisha kundi likafungwa, sasa wanaandika maadmini peke yao.

Karatasi ni gharama. Shule ya vitabu na kalamu!

Mzazi mmoja amenifuata PM kunieleza habari za Sweden, kwamba mwaka 2023 serikali yao iliamua kupunguza vifaa vya kidijitali madarasani na kurudisha vitabu, kwa hiyo shule yetu ipo mbele ya wakati. Ndugu yangu, wenzetu walitenga fedha za serikali wakanunua hivyo vitabu. Hawakubeba vishikwambi wakaacha madawati matupu. Ukitaka kuiga, iga na sehemu inayouma mfukoni.

Sisemi simu zirudi, kwa hilo nawaunga mkono hata kesho, usiku watoto walale. Ninachodai ni kile kilichoandikwa kwenye kipeperushi: kila mtoto na nakala yake ya kitabu kinachotahiniwa (tutanunua wenyewe kama wameshindwa, watupe orodha tu), maktaba iwe wazi wakati wa prepo, mdahalo urudi. Wakishindwa, warudishe ile milioni ya ziada.

Wazazi wenzangu tuko kama saba hivi tunaotaka kuandika barua, wengine wanaogopa watoto watachukiwa. Mwenye uzoefu na wathibiti ubora wa shule anisaidie: barua inaanzia kwao wilayani moja kwa moja au lazima ipitie kwanza bodi ya shule? Na kipeperushi kinakubalika kama ushahidi, au watasema ni tangazo tu?