Mrejesho: Mbwa jike wa kilo 6 na dume wa kilo 30

Wakuu, niliuliza kama nimpandishe jike wangu wa kilo 6 kwa dume wa kilo 30. Mlinisihi nimwone daktari wa mifugo kwanza. Nimemwona, na simpandishi.

Hoja kubwa ni nyonga. Vichwa vya watoto vikizidi upana wa njia, jike husukuma hadi nguvu zimwishe, kisha ni upasuaji wa dharura. Mliosema tumbo la mama huzuia watoto kukua kupita kiasi, daktari alikubali kuna ukweli, ila mimba yenye mtoto mmoja au wawili tu huwapa nafasi ya kunenepa sana. Halafu kuna kupandwa kwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyeligusa: mbwa hunasana hata nusu saa, na mgongo mdogo unaweza kuumia vibaya.

Nitatafuta dume wa umbo lake.

Mwenye jike aliyekwisha kupandwa na mbwa mkubwa, tafadhali: mimba huchukua siku 63 hivi. Apigwe eksirei baada ya siku ya 55, ionekane idadi na ukubwa wa vichwa. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, mkimbize kwa daktari hata kama ni usiku wa manane.