Nataka kusoma saikolojia chuoni, nyumbani wananiuliza nitakula nini. Naombeni ushauri

Kipepeo wa Jioni (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nimemaliza sekondari, matokeo yamenipa nafasi ya kuchagua, na dirisha la maombi ya chuo linafungwa mwezi ujao. Moyo wangu uko kwenye saikolojia. Baba anataka uhasibu. Mama hasemi kitu, ila kila jioni ananiuliza kama nimebadili mawazo, na mimi namjua, hiyo ndiyo namna yake ya kusema. Aliyenitisha zaidi ni kaka: eti nitamaliza chuo nirudi kukaa sebuleni kusikiliza matatizo ya watu bure, kazi ambayo tayari naifanya.

Na kweli naifanya. Tangu shuleni wenzangu wakikwaruzana na wapenzi au wazazi, wanakuja kwangu. Naambiwa nina sikio. Sasa naomba mlioisoma mnieleze bila kunipamba: kinachofundishwa humo ni nini hasa, ukimaliza unakuwa nani, na ajira zipo au ndiyo yale yale? Hesabu siziwezi kivile, nadhani huku nitapumzika nazo. Natanguliza shukrani.

Bundi Mtulivu
Saikolojia? Haya, tuambie sasa hivi tunafikiria nini 😂

Kipepeo wa Jioni
Wewe unafikiria kwamba huo utani umeutunga wewe.

Bundi Mtulivu
Nimekoma. Mpeni mtoto chuo.

Sikio la Tatu
Mdogo wangu, mimi ni mnasihi, kazi hii nimeifanya miaka mingi. Naanza na jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wameshavaa joho: shahada ya kwanza ya saikolojia haikufanyi mtabibu. Inakufanya mtu aliyesoma saikolojia. Ni vitu viwili.

Ukitaka kukaa na mgonjwa na kumtibu, kuna ngazi juu yake. Marekani, kupata leseni ya mwanasaikolojia wa tiba kwa kawaida ni lazima uwe na shahada ya uzamivu, na juu yake saa nyingi za mazoezi chini ya usimamizi. Uingereza jina lenyewe "mwanasaikolojia wa tiba" linalindwa na sheria, huwezi kujiita tu, na njia ya kawaida ni uzamivu wa miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Kwingine uzamili unatosha. Kwingine sheria bado ni legevu na kila mwenye kochi anajiita mtaalamu, nao ndio wanaotuharibia jina. Kwa hiyo kabla hujauliza chuo kipi kizuri, tafuta chombo kinachotoa leseni mahali unapotaka kufanyia kazi, usome masharti yake, kisha urudi nyuma kuchagua chuo. Watu huanza na chuo, wakaja kukwama.

Halafu usichanganye na daktari wa magonjwa ya akili. Huyo kasomea udaktari kwanza, akabobea baadaye, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia anafanya kazi kwa vipimo na mazungumzo yenye utaratibu. Wanahitajiana, ila milango ya kuingilia ni tofauti kabisa. Kama unataka ile ya dawa, fomu unayotakiwa kujaza sasa ni ya udaktari.

Mzee wa Wastani
Hapo kwenye "nitapumzika na hesabu" nimecheka hadi chai imemwagika.

Mimi niliingia nikidhani tutakuwa tunafasiri ndoto. Freud, yule daktari wa kufasiri ndoto aliyewalaza wagonjwa kwenye kochi, tulimsoma wiki mbili, tena kwenye historia. Muhula wa kwanza nikakutana na wastani, mkengeuko, sampuli, na jinsi ya kupima kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au ni bahati tu. Darasani kwetu waliokimbia walikimbizwa na takwimu, Freud hana lawama. Ukifikiri vizuri, fani yenyewe ndivyo ilivyozaliwa: Mjerumani Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig mwaka 1879, walikuwa wanapima vitu kama muda ambao mtu anachukua kuitikia mlio au mwanga. Hakukuwa na kochi.

Ila usitishike, maana ukishaelewa inanoga. Ngoja nikupe jaribio lililonibakiza. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa kasi gani. Walichobadilisha ni kitenzi peke yake. Kuna walioulizwa magari "yalipopondana", kuna walioulizwa "yalipogusana", na vitenzi vingine katikati. Filamu zile zile. Wa "yalipopondana" wakakadiria kama maili 41 kwa saa, wa "yalipogusana" kama 32. Katika jaribio la pili wakawaita watu baada ya wiki moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Walioulizwa kwa "yalipopondana" ndio zaidi waliosema waliviona.

Sasa fikiria shahidi aliyeulizwa swali baya kituo cha polisi. Kuna wanasaikolojia kazi yao ni hiyo, kwenye mahakama na magereza. Lakini bila takwimu usingejua kama tofauti ile ya maili 9 ina maana yoyote.

Na nikuonye: utafundishwa pia kutoamini ulichofundishwa. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia zilizokuwa zimechapishwa kwenye majarida ya heshima. Zilizotoa tena matokeo ya wazi zilikuwa kama theluthi moja na kidogo. Mhadhiri wetu alituonyesha hilo siku ile ile aliyotupa kazi ya kuandika dodoso. Nilimchukia. Leo namshukuru.

Kipepeo wa Jioni
Mzee wa Wastani umenitisha na umenipa hamu kwa pamoja. Kwa hiyo asiyetaka kwenda hadi uzamivu anaishia wapi?

Kitufe Chekundu
Anaishia kwangu 😄 Nina shahada ya kwanza ya saikolojia na nafanya kazi kwenye kampuni ya programu za simu. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya mtumiaji na kumtazama akihangaika. Sisemi kitu. Akibonyeza pasipo, naandika. Wahandisi husema mtumiaji hajui, mimi nawaambia kitufe ndicho kibaya.

Hii kazi si ya jana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wa B-17, ndege za kivita za Marekani, walikuwa wakitua salama, halafu wakiwa chini wanakunja magurudumu badala ya mabapa ya mabawa (vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), ndege inalala kwa tumbo. Wakaonekana wazembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaenda kutazama chumba cha rubani, akakuta swichi za vitu hivyo viwili zimekaa jirani na zinafanana. Akashauri moja iwekewe kigurudumu kidogo cha mpira na nyingine umbo la bapa, mkono ujue bila jicho. Basi. Mimi nikibanwa na wahandisi hiyo ndiyo hadithi ninayowapa.

Dada wa Ghorofa ya Nne
Naongezea la rasilimali watu, niko huko. Tunaajiri waliosoma saikolojia kwa usaili, mafunzo, na kutunga vipimo vya waombaji. Kuna pia shule, vituo vya vijana, mashirika ya misaada, utafiti wa masoko, timu za michezo. Ila nisikudanganye: hakuna tangazo linalosema "anatakiwa mwenye shahada ya saikolojia" kama linavyosema mhasibu. Inabidi ujieleze. Anayekuja na tasnifu aliyoifanya mwenyewe, aliyekusanya data na kuichambua kwa programu ya takwimu, namsikiliza. Anayekuja kuniambia "napenda watu", nampa maji ya kunywa.

Bundi Mtulivu
Hata mimi napenda watu, ila wakiwa mbali.

Sikio la Tatu
Kipepeo, nirudi kwako. Hilo la kusikiliza wenzako nimelisoma mara mbili. Nikuulize, na si lazima ujibu hapa: unataka kutibu au unataka kujitibu?

Kipepeo wa Jioni
Shangazi, au sijui nikuiteje... umenigusa.

Miaka sita iliyopita mdogo wetu alifariki. Mama alikaa miezi kama minane haongei. Anapika, anafua, anasali, haongei. Watu wakasema ana kiburi cha huzuni, wengine wakasema karogwa. Sisi tulikuwa tunatembea kwa ncha za vidole. Siku moja akaanza tena kuongea, kama mtu aliyerudi safari, na hadi leo hakuna aliyemuuliza. Nataka kujua ilikuwa ni nini.

Sikio la Tatu
Shangazi inatosha mwanangu. Na pole sana.

Hiyo ni sababu halali, na nusu ya niliosoma nao walikuwa na mama wa namna hiyo, au baba, au wenyewe. Ila lijue mapema: huko utakapofika utakatazwa kumtibu mama yako. Maadili ya kazi yanakataza kuwa mtaalamu na mtoto kwa mtu huyo huyo, na ni kwa faida yenu wote wawili. Mganga hajigangi, na wa kwao vilevile. Pia wewe mwenyewe utatakiwa kuwa na wa kukusikiliza, msimamizi wa kukurekebisha, wengine hata mnasihi wao binafsi. Sikio bila hivyo huziba. Sasa hivi unawabeba wenzako bila mpaka wowote, hujui pa kuacha. Mafunzo ya miaka ile yote, sehemu kubwa ni kujifunza pa kuacha.

Na kuhusu mama: kumuuliza hakuhitaji shahada.

Mzee wa Wastani
Nimekosa la kuongeza hapo. Ya baba ndiyo niachieni. Mwambie Daniel Kahneman alikuwa mwanasaikolojia na mwaka 2002 akachukua Tuzo ya Nobel ya uchumi. Yeye na Amos Tversky walionyesha kwamba kupoteza kiasi fulani cha pesa kunamuuma mtu kuliko kupata kiasi kile kile kunavyomfurahisha. Mhasibu yeyote ataelewa. Usimwambie utapata Nobel, mwambie tu pesa na akili ya mtu haviko mbali.

Kipepeo wa Jioni
Mrejesho, wakuu. Nimejaza saikolojia chaguo la kwanza, uhasibu la pili. Masharti ya leseni nimeyapata na kuyasoma: ni uzamili na mazoezi ya kusimamiwa, kwa hiyo najua urefu wa barabara. Baba nimempa ya Kahneman. Akakaa kimya, akauliza kama hizo takwimu zina mtihani. Nikamwambia kila muhula. Akasema "afadhali".

Mama bado sijamuuliza.

Mzee wa Wastani, chuo kinafunguliwa baada ya miezi mitatu. Mkengeuko ni nini, kwa lugha ya mtu aliyefeli sehemu za desimali?

Mzee wa Wastani
Njoo na daftari. Tunaanza na urefu wa watu wa nyumbani kwenu, kila mmoja mpime kwa futi kamba.