Sheria mpya za kuhama vyuo Marekani zimemtupa nje mpwa wangu, nimechoka kunyamaza

Wakuu, poleni na majukumu. Nimevumilia tangu Mei, leo yamenifika shingoni.

Mpwa wangu ni mkimbiaji wa mita 10,000. Alitoka Mbulu kuja kusoma huku kwa ufadhili wa riadha, kamaliza mwaka wa pili bila kufeli hata somo moja. Msimu ulipoisha kocha akamwita ofisini. Dakika kumi tu! Akaambiwa kuna mtu wa miaka 24 anahamia kutoka chuo kingine, kwa hiyo yeye aweke jina lake kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama, atafute pengine. Alinipigia akiwa bado kwenye ngazi za jengo, viatu vya misumari mkononi. "Mjomba, nimekosea nini?" Nilikosa la kumjibu.

Sisemi sheria ya zamani ilikuwa nzuri. Mchezaji wa kikapu akihama alikaa mwaka mzima bila kucheza, wakati kocha wake akifuata mshahara mnono anaondoka siku hiyo hiyo. Ule ulikuwa uonevu. Mwaka 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ikaruhusu kila mchezaji kuhama mara moja bila adhabu, na Aprili 2024, baada ya majimbo kuwapeleka mahakamani, wakaruhusu kuhama mara yoyote, mradi masomo yawe sawa. Watu wakashangilia uhuru wa mchezaji.

Uhuru wa nani? Kocha ndiye aliyefunguliwa soko. Ahangaike kumlea kijana wa miaka 18 kwa nini, wakati potali imejaa watu waliokwisha kulelewa na wengine? Na vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya mahakama ya 2025, yale ya vyuo kuwalipa wachezaji, vina ukomo wa wakimbiaji 17 tu wa mbio za nyika, ambazo wa mita 10,000 nao hukimbia. Akiingia mmoja, mmoja anatoka.

Nyota wa kikapu anahama kufuata hela. Mtoto wetu yuko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, kazi hawezi kufanya ovyo, hela za matangazo anaziona kwa wenzake. Yeye anahama ili asirudishwe nyumbani bila shahada.

Kilichonichoma zaidi ni krediti, yaani pointi za masomo aliyofaulu. Alikuwa nazo 61. Chuo kipya kimekubali 43, masomo mengine wanasema hayaendani na kozi yao. Sasa sheria ya NCAA inataka ukimaliza mwaka wa pili uwe na asilimia 40 ya shahada, yaani 48 kati ya 120. Kwa hiyo amefukuzwa huku, na kule haruhusiwi kukimbia! Potali haikumwambia hayo, kocha aliyemsukuma naye hakumwambia, na ninaamini alijua.

Kama kuna mtu humu amewahi kukata rufaa ya krediti zilizokataliwa, naomba aniambie alianzia ofisi gani na alipeleka karatasi zipi. Muhula unaanza baada ya wiki tatu.